Alama za Swali la Kumi na Saba

Alhamisi, 28 Mei

Zipu. Tangu juzi sauti hiyo imo kichwani mwangu na haitoki. Si sauti kubwa, zipu ya begi la shule hulia vivyo hivyo. Watu wanne waliovaa mavazi meupe kuanzia utosini hadi miguuni waliliweka jeneza mbele ya nyumba ya Bwana Twahir, jirani yetu wa mlango wa tatu, wakaufungua kidogo mfuko wa maiti ili mwanawe amwone uso, wakangoja labda pumzi kumi, wakaufunga. Mimi nilikuwa dirishani juu. Uso sikuuona. Nilisikia zipu, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umenyamaza, hata punda.

Hakuoshwa. Alitoka hospitali ndani ya mfuko na akaenda makaburini ndani ya mfuko. Shangazi Mwanamkisi, ambaye huosha maiti wa kike wa mtaa huu tangu kabla sijazaliwa, alikuwa amekaa nyuma yangu na tasbihi yake. Alisema, "Ameondoka na jasho lake." Hajaongeza neno tangu siku hiyo, naye si mtu wa kusema jambo mara moja.

Nimeanza daftari hili kwa sababu mchana kutwa nasoma maneno ya watu wengine na ikifika magharibi sijui langu ni lipi. Nilisomea ukutubi na sayansi ya habari Nairobi. Nilirudi kwetu Amu, Lamu mjini, siku chache kabla ya njia kufungwa. Kazi yangu ni kuwatafutia watafiti na madaktari makala. Kila siku duniani yanatoka mamia ya makala juu ya ugonjwa huu, na hakuna daktari mwenye muda wa kuyasoma. Kikundi chetu, chini ya Dkt. Nyaguthii, kinatengeneza mfumo: daktari anaandika swali lake, mfumo unamletea makala, zinazofaa zaidi juu, zisizofaa chini. Ila mfumo hauna akili yake wenyewe. Lazima mtu auonyeshe ipi inahusu na ipi haihusu, maelfu ya mara, mpaka ujifunze. Watu hao ni mimi na Quinter, aliye Kisumu. Tunasoma muhtasari, tunatoa alama. Mbili ikiwa makala inajibu swali, moja ikiwa inaligusa, sifuri ikiwa haihusu. Maswali ni thelathini.

Mama anaiita kazi hii kuchezea simu. Ninayo kompyuta, lakini haimshughulishi.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua. Mtandao unashika pembe moja tu ya dari ya juu, kando ya tangi la maji. Nimefanya kazi chini ya mwavuli. Makala themanini na sita, tatu zina maana.

Jumatatu, 1 Juni

Mkutano uliochukua saa mbili na nusu, juu ya namna ya kufupisha mikutano.

Dkt. Nyaguthii ni mwanamke mwerevu kuliko wote niliowahi kufanya kazi chini yao, na ndiyo maana ananiudhi. Anajua kwamba dakika moja kwa kila muhtasari haitoshi, na bado anatutaka tusizidi dakika moja. "Tukikosea, tutakosea kwa pamoja," anasema, "ndiyo maana mko wawili." Kila makala inasomwa na mimi na Quinter, kila mmoja peke yake, halafu alama zinalinganishwa. Tukitofautiana, tunazungumza. Hadi leo tunakubaliana mara tisini na nne katika mia. Nyaguthii aliitaja idadi hiyo kama mtu anayetaja matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Makala moja imenijia mara tano kwa vichwa vitano. Wachina walewale, popo walewale.

Alhamisi, 4 Juni

Mvua tangu alfajiri. Tangi limefurika. Hakuna mtandao. Shangazi ameniuliza, "Karani wa maradhi, leo hakuna wagonjwa?"

Jumamosi, 6 Juni

Leo nimefanya Swali la Kumi na Saba. Nililingoja kwa sababu ya Bwana Twahir, na sasa nalinakili hapa neno kwa neno, maana nimelisoma hadi limenikaa machoni: "Ni hatua zipi zinazowakinga wafanyakazi wanaoshughulikia miili ya waliofariki kwa ugonjwa huu?"

Wafanyakazi. Basi nimepata makala za vyumba vya maiti, za wachunguzi wa mahakama, za madereva wa magari ya kubebea miili. Hizo mbili, mbili, moja, mbili. Lakini zikaja pia makala za namna nyingine, kama mia mbili hivi: kuosha maiti Misri, kuosha maiti Pakistani, jamaa wa marehemu wanaoosha nyumbani, wanawake wa kujitolea katika miji ya Waislamu, na nyingine za zamani juu ya maradhi mengine. Nikasimama. Shangazi si mfanyakazi. Mwambie Shangazi kwamba yeye ni mfanyakazi anayeshughulikia miili, uone atakavyokutazama. Haajiriwi, halipwi, hapewi hata ahsante, kwa sababu kumshukuru ni kama kumshukuru mtu kwa kuswali. Ni faradhi iliyo juu ya mji mzima, na yeye anaubebea mji. Nikazipa zote sifuri. Si kwa uvivu. Niliona vibaya kumtia Shangazi katika kapu moja na madereva. Nikaandika pembeni: hizi zitafutiwe swali lao.

Quinter ameniandikia baadaye: "Rawiya, hizi za kuosha, umezipa zero zote?"

Nikamjibu: "Hazihusu wafanyakazi."

"Sawa. Wewe ndio unajua."

Jumanne, 9 Juni

Nimeomba swali jipya katika mkutano: waosha maiti wa kujitolea. Nyaguthii alisema wazo ni zuri na kwamba tutalirudia baada ya uzinduzi. Kila wazo zuri hurudiwa baada ya uzinduzi.

Jumamosi, 13 Juni

Bi Mwanaarabu ana kikohozi. Ni rafiki wa Shangazi tangu madrasa, waliolewa mwaka mmoja na walifiwa na waume mwaka mmoja. Rania, bintiye, anayefundisha shule ya msingi na ambaye nilikuwa nikikaa naye dawati moja, amesema ni baridi tu ya mvua. Shangazi ametaka kwenda. Ami Idarus, ndugu yake, amesimama mlangoni akamzuia kwa mkono, kama mtu anayezuia mbuzi.

"Una sukari, una miaka sitini na mitatu," alimwambia. "Kaa."

"Na wewe una miaka sitini na sita na una mdomo. Nani atakuzuia?"

Lakini alikaa.

Jumatatu, 15 Juni

Mfumo umezinduliwa. Sasa daktari yeyote, nesi yeyote, mahali popote nchini anaweza kuutumia kwa simu. Kulikuwa na hotuba. Katikati ya hotuba mtandao wangu ulikatika. Nilibaki nikitazama uso wa Nyaguthii uliogandishwa mdomo wazi, na nikahisi, Mungu anisamehe, raha kidogo.

Alhamisi, 18 Juni

Bi Mwanaarabu amepelekwa hospitali. Kabla hajainuliwa amemwita Rania na kumpa wasia mbele ya wanawake wawili: akifa, Mwanamkisi amwoshe, na asizikwe kama alivyozikwa Twahir. Rania alikuja kutuambia akiwa amesimama nje, mbali na mlango, barakoa imelowa machozi.

Shangazi alisema, "Mwambie nimesikia." Kisha akaenda kukagua sanduku lake: sanda, kafuri, majani makavu ya mkunazi. Nilimwona akihesabu vitambaa viwili viwili. Sijapata kumwona akiogopa kitu, na leo pia hakuogopa. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, 20 Juni

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu, ingawa nina hasira, na hasira yenyewe bado sijui niielekeze wapi. Au najua.

Hamdu alikuja asubuhi. Ni afisa wa tiba hospitalini. Darasa la saba alikuwa akinakili hesabu zangu, na sasa watu wazima humwita daktari. Alikaa dakani, kwenye baraza ya mlango wa mbele, Ami Idarus akakaa upande wa pili, mimi na Shangazi tukawa ndani ya mlango. Kamati ya mtaa ya maafa, ambayo Ami ni mjumbe wake, ilikaa jana kuamua juu ya Bi Mwanaarabu iwapo Mungu atamchukua. Hali yake si nzuri.

"Shangazi," Hamdu alisema, "mimi binafsi sina neno. Lakini kamati imeniuliza kama kuna utafiti wowote unaoonyesha kwamba mtu anaweza kuosha akasalimika. Nimetafuta. Hakuna."

"Umetafuta wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye ule mfumo mpya wa Nairobi. Mzuri sana, wallahi. Umeniletea kila kitu cha chumba cha maiti. Kuosha nyumbani, hakuna hata kimoja. Nimewaambia kamati ukweli, kwamba wataalamu hawajaandika kitu."

Ami Idarus akasema kwa sauti yake ya darsa, "Dini si ugumu. Pakikosekana mai, au pakiwa na hatari, maiti hupanguswa kwa vumbi safi. Hiyo ni tohara, na imekubaliwa. Sheria iko wazi."

"Mai hayakukosekana," Shangazi alisema. "Mvua inanyesha mwezi mzima. Mai yako hata kitandani mwangu."

"Mwanamkisi."

"Siyui wewe waogopa maradhi au waogopa kamati. Lakini usiniwekee mai katika hesabu ya vitu vilivyokosekana."

Hamdu alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akanionyesha simu yake. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, vyumba vya maiti na madereva. Naujua ukurasa ule kama ninavyoujua uso wangu, kwa sababu ni mimi niliyeupanga. Makala zile mia mbili zipo. Hazikufutwa. Zimezama chini kabisa, baada ya kurasa ambazo hakuna mtu mwenye mgonjwa atakayezifikia, na zimezama kwa sababu mimi, nikiwa nimekaa juu ya nyumba hii hii chini ya mwavuli, nilizipa sifuri moja baada ya nyingine kwa heshima ya Shangazi.

Nilifungua mdomo niseme. Ami Idarus alikuwa akinitazama, nikaufunga. Nimesema tu, "Nipe siku nne."

"Za nini?" Ami aliuliza.

"Za kutafuta vizuri."

"Aliyetafuta ni daktari, wewe utatafuta nini zaidi?"

Nilimchukia kwa dakika nzima. Ningemjibu, lakini jibu lilikuwa baya kuliko swali.

Jumatatu, 22 Juni

Nimempigia Quinter. Tulikuwa tunaandikiana tu, sikuwa nimewahi kusikia sauti yake nje ya mikutano. Ana sauti ya mtoto.

"Quinter, lile swali la kumi na saba. Zile za kuosha. Ulizisoma?"

"Nilisoma kama kumi hivi. Nilikuwa nimezipa mbili-mbili."

"Kisha?"

"Kisha nikaona zero zako. Nikabadilisha."

"Alama hazitakiwi kuonekana kabla ya kulinganisha."

"Zinaonekana, Rawiya. Ukifungua upya ukurasa zinaonekana. Mi nilidhani unajua." Akavuta pumzi. "Nilifikiria, huyu ndiye Mwislamu kwa hii timu, ametoka Lamu, mimi ni nani nimwambie maiti yao inaoshwa na nani? Kwetu tunakaa na mwili siku tano nyumbani. Ungeniuliza hiyo ningekujibu."

Nilitaka kumkasirikia. Kosa lake lilikuwa na adabu ileile ya kosa langu. Yeye alinistahi mimi, mimi nikamstahi Shangazi, na kati ya heshima zetu mbili Hamdu hakupata kitu cha kuiambia kamati. Tisini na nne katika mia.

Mvua imezidi baada ya adhuhuri. Nimeshusha orodha nzima kabla mtandao haujakatika na ninaisoma chumbani, makala mia mbili na kumi na mbili, na safari hii sihesabu dakika.

Jumanne, 23 Juni

Mia moja na arobaini. Nyingi hafifu. Bado.

Jumatano, 24 Juni

Nimezipata. Makala sita ndizo ninazoweza kuzisimamia mbele ya mtu yeyote, na mbili kati yake zinahusu hasa waosha wa kujitolea majumbani. Hakuna hata moja inayosema "hakuna hatari." Hakuna aliyeandika kitu kizuri juu ya ugonjwa huu anayesema hivyo. Zinasema hatari ni ndogo waosha wakiwa wachache, wakivaa glavu na aproni na barakoa na kinga ya macho, wakimwaga maji bila kuyarusha, wasipolikamua tumbo, dirisha likiwa wazi, na maji yakipelekwa shimoni, siyo mferejini. Shangazi huchimbisha ufuo kila mara, handaki dogo la kupokea maji ya maiti. Watafiti wameandika kurasa tatu kufika pale alipo.

Halafu, katika zile mbili zinazohusu hasa, sentensi moja, karibu maneno yaleyale: mwosha asiwe na umri uliozidi miaka sitini, wala asiwe na maradhi ya sukari, moyo au mapafu.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena.

Shangazi alipanda ngazi kuja chumbani kwangu baada ya alasiri. Hajapanda ngazi hizo tangu magoti yalipoanza. Akakaa kitandani, akatazama kompyuta kama mtu anayemtazama mgeni asiyesalimu.

"Yamesema nini makaratasi yako?"

Nikamwambia yote, pamoja na sentensi ile. Sikuwa na nia ya kumwambia. Nimelelewa na mwanamke huyu, na uso wangu hauwezi kumficha kitu.

"Hiyo ni ya wapi?" aliuliza.

"Wameandika madaktari wa Misri. Na wengine."

"Wananiyua mimi ni nani?"

"Hapana, Shangazi."

"Mwanaarabu alinisuka nywele siku ya harusi yangu. Nimempokelea watoto wake wote wanne. Mkono wangu umeosha watu mia tatu na zaidi katika mji huu, wa tauni na wa kipindupindu na mwanamke aliyekaa siku mbili baharini. Sikuugua hata mafua." Hakuinua sauti. "Wewe ndiwe unayeandika huo muhtasari Hamdu atakaowasomea kamati?"

"Ndiyo."

"Kwa Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Na hayo ya Kiingereza, nani katika kamati atayasoma?"

"Hakuna."

"Basi litoe neno moya. Moya tu. Mengine yote yaandike kama yalivyo."

Ningependa kuandika hapa kwamba sikutetereka. Nilitetereka sana. Nilifikiri kwamba sentensi moja katika mia mbili na kumi na mbili si kitu, kwamba wiki tatu zilizopita nilizizamisha zote kwa siku moja na sikulala vibaya. Nilifikiri kwamba ana haki ya kuchagua. Nilifikiri pia juu ya vidole vyake vya miguu, viwili visivyohisi tena maji ya moto.

"Sijamaliza kuandika," nilimwambia.

Akasimama, akaninyoosha mtandio begani kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa nikienda chuoni, akashuka ngazi moja moja.

Alhamisi, 25 Juni

Nimepeleka muhtasari kwa Hamdu saa moja asubuhi. Ukurasa mmoja na nusu. Sentensi ile nimeiweka ya pili kutoka juu.

Shangazi hasemi nami.

Ijumaa, 26 Juni

Bi Mwanaarabu alifariki jana adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kamati ilikaa dakani kwetu jana hiyo hiyo baada ya alasiri, watu watano wenye barakoa, wameachana kama meno ya mzee. Hamdu alisoma muhtasari wangu kwa sauti. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na Ami Idarus. Nilikuwa nimepanga hata maneno, na baadhi yake yalikuwa ya utovu wa adabu. Hamdu alipofika kwenye ile sentensi ya miaka sitini na maradhi ya sukari, Ami alimkatiza.

"Rudia hapo."

Hamdu akarudia.

"Imeandikwa hivyo? Si wewe unayesema?"

"Imeandikwa, Maalim."

Ami akavua kofia, akaipangusa, akaivaa. "Basi Mwanamkisi haingii."

"Haingii."

"Kama yeye haingii," alisema, na sauti ya darsa haikuwamo tena, "mimi sina pingamizi. Aoshwe."

Nimemsoma vibaya mwezi mzima. Nilidhani anaogopa maradhi, au kamati, au anapenda tu kusema "sheria iko wazi." Alikuwa anaogopa kumzika dada yake. Hakuwa na njia ya kumwambia hivyo mwanamke asiyekubali kuogopewa, kwa hiyo akaenda kutafuta vumbi safi kwenye vitabu. Ningeliondoa neno lile kama Shangazi alivyotaka, Ami angelikataa hadi mwisho, na Bi Mwanaarabu angekwenda ndani ya mfuko. Sikuliweka kwa sababu ya busara hiyo. Sikuijua. Naliandika hili ili nisije nikajisifu baadaye.

Wakauliza, basi nani ataosha? Waosha wengine wawili wa mtaa wamezidi umri. Rania alikuwa amesimama nje mvuani. Alisema, "Mimi ni binti yake." Kisha wote wakangoja, na nikasikia nikisema kwamba na mimi nitaingia. Mama alinishika mkono. Nikamwonyesha ukurasa wa pili: wawili, vijana, wazima.

Sijawahi kuosha maiti. Nimesoma muhtasari mia mbili na kumi na mbili juu ya kuosha maiti.

Leo mchana Hamdu alileta mavazi. Mwili ulirudishwa nyumbani kwa Rania, chumba cha chini chenye dirisha la uani, ufuo umeshachimbwa. Nilipokuwa nikivaa aproni niliona kivuli mlangoni. Shangazi, buibui, barakoa mbili, miguu nyuma ya mstari ambao Hamdu alikuwa ameuchora kwa chaki. Hakunitazama mimi. Alimtazama rafiki yake.

"Anza na mkono wa kuume," alisema. "Wa kuume, Rawiya. Umesoma hadi Nairobi na kuume hukuyui?"

Rania alikuwa analia bila sauti na kinga ya macho ilikuwa imejaa ukungu.

"Mai polepole. Humwagi kama waosha baraza. Fuata mwili, mwachie mai yateremke yenyewe. Hivyo. Rania, mshike kichwa. Yeye ni mzito sasa, lakini hatakuumiza."

Tukafika tumboni. Shangazi akasita. Kwa desturi hapo hukandwa, taratibu, ili kitoke kilichobaki.

"Makaratasi yanasemaje?" aliuliza.

"Yanasema tusikamue."

Maji yalidondoka kwenye ufuo. Nilihesabu matone hadi saba.

"Basi msikamue," alisema. "Pitisheni mai tu."

Tulimwosha mara tatu, ya kwanza kwa mkunazi, ya mwisho kwa kafuri. Shangazi alisimama muda wote, saa nzima kasoro dakika chache, mwanamke asiyeweza kusimama rakaa nne bila kushika ukuta. Tulipomvika sanda alinisahihisha fundo mara mbili, na mara ya tatu akasema, "Liache. Latosha." Kisha akamwita rafiki yake jina la utoto ambalo sitaliandika hapa, akageuka, akaenda.

Wanaume walimchukua kabla ya magharibi. Mvua ilikuwa imepumzika.

Jumamosi, 27 Juni

Nimelala hadi saa nne. Mimi na Rania tutakaa mbali na watu siku kumi na nne. Chakula kinawekwa ngazini. Leo ulikuwa wali wa nazi na samaki, na juu ya sahani, jani la ndimu. Mama huwa haweki ndimu.

Jumapili, 28 Juni

Hakuna homa. Shangazi bado hasemi nami, lakini ananiuliza kupitia Mama kama nina homa.

Jumanne, 30 Juni

Hakuna homa. Mvua kidogo.

Nimekuwa nikifikiri juu ya simu ya Hamdu. Nchi hii ina akina Hamdu wengi, Garissa, Wajir, Mombasa, na kila mmoja anakaa mbele ya kamati fulani na kusema kwa moyo safi kwamba wataalamu hawajaandika kitu. Hawadanganyi. Wanasoma nilichowapangia. Hata leo asubuhi nimejaribu kuandika swali lilelile alilouliza Hamdu. Vyumba vya maiti. Madereva.

Alhamisi, 2 Julai

Barua kutoka kwa Dkt. Nyaguthii, ndefu kuliko kawaida yake. Amesoma maelezo ya kosa niliyompelekea juzi nikiomba alama ziondolewe, yangu na ya Quinter, ambaye ameongeza ya kwake bila kuombwa na hakujitetea hata kwa neno. Anasema kosa linaeleweka na halina nia mbaya. Anasema pia kwamba ripoti kwa wafadhili inatoka kesho, kwamba tisini na nne katika mia imeshaandikwa katika ukurasa wa kwanza, na kwamba alama za Swali la Kumi na Saba zikiondolewa swali lote litabaki tupu hadi lisomwe upya, labda wiki mbili, na mfumo utalazimika kumwambia kila anayeuliza kwamba jibu halijakamilika. Ananiomba nifikirie hadi Jumatatu. Kama bado nitaona ni lazima, tutaziondoa pamoja, kwa utaratibu, baada ya ripoti. Amemaliza kwa kuniuliza hali ya afya yangu, na najua anauliza kwa dhati.

Nimemjibu kwa mistari minne. Kwamba sina homa. Kwamba afadhali Hamdu aambiwe jibu halijakamilika kuliko kuambiwa halipo. Kwamba nitalisoma upya swali hilo mwenyewe, makala zote, na ninamwomba Quinter asizione alama zangu. Na kwamba hakuna haja ya kungoja Jumatatu, kwa sababu alama zangu, zote mia mbili na kumi na mbili, nilizifuta jana baada ya adhuhuri.